Jino Halimo Daftarini

Lemuel Boykin aligundua kuwa hana jino lake la dhahabu Jumanne jioni, akiwa mezani kwake, kijiko cha maharage kimefika nusu ya safari. Ulimi ulikwenda pale ulipozoea kwenda ukakuta shimo. Akaweka kijiko chini, akatema maharage kiganjani mbele ya mkewe, binti yake na mkwewe, akaanza kuyachambua moja moja kama anayetoa mawe kwenye mchele.

"Lem, watu wanakula," alisema mkewe, Vernell.

"Jino langu."

"Lipi?"

"Kwani ninayo mangapi ya dhahabu, Vernell?"

Alikuwa nalo moja tu. Alilivika dhahabu mwaka ule alipopewa muhuri wake, namba 417, muhuri wa fundi anayeruhusiwa kuchomelea mabomba ya kinu cha nyuklia. Kila kiungo alichokichomelea kiligongwa namba hiyo, na katika mji ule wa mtoni, ambako kila nyumba ina mtu yadini, palipoundwa meli za kivita, muhuri kama huo ulizidi shahada ya chuo. Kanisani watu walimsogezea benchi. Lakini jino lilianza kulegea tangu Krismasi, daktari wa meno akataka dola elfu moja na mia nane, na mzee akapita dukani akanunua gundi ya dola sita. Basi tangu Krismasi heshima ya fundi namba 417 ilikuwa imeshikwa na gundi ya dola sita, naye akitabasamu kwa tahadhari.

"Umelimeza, mzee," alisema mkwewe, Rondell, huku anacheka. "Kesho asubuhi utaonana nalo."

Lemuel hakucheka. Aliziba mdomo kwa mkono akasema, "Leo nilikuwa ndani ya bomba. Kichwa na mabega. Tochi nilikuwa nimeing'ata kwa meno."

Rondell aliacha kucheka. Naye alikuwa mtu wa yadi, akifunga mabomba karakana moja na mzee, na alikuwa ameahidiwa unaibu msimamizi baada ya sherehe ya kuibatiza meli mpya. Hakuhitaji kufafanuliwa.

Meli hiyo, manowari ya kubeba ndege, ilikuwa na vinu viwili tumboni. Kinu kinapasha maji moto, maji yanazunguka kwenye mabomba, mvuke unasukuma mitambo, mitambo inazalisha umeme. Na meli hii mpya ilikuwa mlafi wa umeme kuliko dada zake wote waliotangulia, maana ndege zenyewe zitarushwa kwa umeme. Miaka hamsini itakwenda hivyo, na watu elfu nne watakula, watalala na kuota juu ya maji hayo ya moto. Kipande cha chuma kikipotelea humo, maji yatakibeba mpaka kwenye pampu. Ndiyo maana mlangoni mwa chumba safi, ambamo mabomba hayo yaliungwa, paliwekwa meza, na mezani daftari, na nyuma ya daftari Bi Ardelia Purcell, mwenye miwani minene, asiyetaniwa. Kila kinachoingia anakiandika, kila kinachotoka anakiandika. Kalamu moja, imeingia. Kalamu moja, imetoka. Pete huachwa mezani. Vifungo vya shati hufungwa kwa utepe.

Hata meno. Kanuni ilisema wazi kwamba jino lililokaza ni mwili wa mtu, haliandikwi, lakini jino linaloweza kuchomoka ni chombo, linaandikwa. Kulikuwa na mzee mmoja mwenye meno ya bandia ambaye kila asubuhi aliyatema kwenye kopo, Bi Ardelia akaandika "meno, seti moja", na vijana kwenye foleni wakaiga kibogoyo. Lemuel alikuwa ameyaona hayo mwaka mzima. Akaapa moyoni kwamba yeye hatavuliwa jino mbele ya watoto aliowafundisha kushika moto wa kuchomelea. Na kanuni yenyewe ni yeye aliyewafundisha.

"Ulijua limelegea," Vernell alisema.

"Nilijua."

"Na hukusema kwa sababu ya kuona haya."

"Ndiyo."

"Mficha uchi hazai, Lem. Mtu wa miaka sitini na mbili."

"Mama, tusikimbilie huko," alisema Rondell, akisogeza kiti. "Ijumaa maji yanaingia. Maji yakishaingia imekwisha, hakuna wa kufungua. Jumamosi inayofuata ni sherehe, chupa inavunjwa ubavuni mwa meli, wakubwa wanapiga makofi, kila mtu wa karakana anapata bahasha. Mzee amebakiza wiki saba atimize miaka arobaini astaafu na pensheni kamili. Jino limemezwa. Tuseme limemezwa."

"Tuseme kwa nani?" aliuliza Lemuel.

"Tusimwambie mtu yeyote. Ndiyo namna bora ya kusema."

Binti, Shavonda, mjamzito wa miezi sita, aliendelea kuchovya mkate wa mahindi kwenye mchuzi. Alikuwa amekwishachagua rangi ya chumba cha mtoto kwa mshahara wa unaibu msimamizi, na hakutaka kusikia habari za meno.

Walitafuta kwanza kwenye gari, halafu ndani ya kisanduku cha chakula, halafu chini ya kitanda. Vernell alifungua mfuko wa mashine ya kufagilia akamwaga vumbi juu ya gazeti. Palipobakia pa kutafuta palikuwa mahali pamoja tu. Mwanamke aliyepikia watoto wa shule miaka ishirini na saba alichukua chujio lake la tambi, akavaa glavu za mpira, akasema mbele ya mlango wa choo:

"Ukimaliza usivute maji. Niite."

"Vernell, nitafanya mwenyewe."

"Macho yako hayaoni hata nyusi zako. Toka nje."

Wakafanya hivyo Jumatano asubuhi, Jumatano jioni na Alhamisi alfajiri. Watu waliooana miaka thelathini na sita huwa hawana mengi ya kufichana, lakini yale machache yaliyokuwa yamebaki nayo yalikwisha kwenye chujio lile. Mzee alisimama ukumbini akiwa ameshika suruali, anasikiliza maji ya bomba yakipita. Kila mara mkewe alitoka akitikisa kichwa. Alhamisi alilitupa chujio kwenye pipa la taka.

"Halimo," alisema. "Sasa wewe unajua liliko, na mimi najua liliko."

"Na Rondell?"

"Rondell anajua kuliko sisi. Ndiyo maana anapiga mluzi."

Msimamizi wa karakana aliitwa Garrity. Ni aina ya mtu anayepatikana popote penye ofisi yenye kiyoyozi: hajashika moto hata siku moja, lakini kofia ngumu havui hata akiwa kikaoni. Ukutani nyuma yake palibandikwa maandishi makubwa mekundu, MWENYE SHAKA NA ASIMAMISHE KAZI, na chini yake picha ya mfanyakazi aliyeinua mkono huku akitabasamu. Picha ilipigwa studio. Aliyekuwa ameinua mkono pale karakanani kwa kweli, miaka sita nyuma, siku hizi anauza matairi.

"Lem," alisema Garrity, aliyekuwa kijana wa kutosha kuwa mwanawe, mzee alipoingia ofisini asubuhi ile. "Kaa. Una dakika tatu."

Lemuel alieleza yote, mkono mdomoni. Tochi, gundi, bomba. Hata chujio alilitaja, akiamini kwamba mtu akisikia habari za chujio atajua huyu haongopi. Garrity alisikiliza akikunja uso, halafu akaanza kutabasamu taratibu.

"Tusaidiane hapa. Jino liliandikwa mezani?"

"Hapana, bwana. Ndiyo kosa langu."

"Halikuandikwa. Kwa hiyo kwa mujibu wa daftari, halikuingia."

"Liliingia, bwana. Lilikuwa mdomoni mwangu."

"Nakuuliza kwa mujibu wa daftari."

"Kwa mujibu wa daftari halikuingia."

"Vizuri. Kitu ambacho hakikuingia kinaweza kuwamo?"

Lemuel alimtazama. Miaka arobaini amefanya kazi chini ya wajinga wengi, lakini wengi wao walikuwa wajinga wa kawaida, wa kuzaliwa nao. Huyu alikuwa amesomea.

"Jumanne viliingia vitu ishirini na sita," Garrity aliendelea, akigonga kidole mezani. "Vikatoka ishirini na sita. Hesabu imekaa. Wewe unakuja kuniambia daftari langu ni la uongo, siku moja kabla ya maji, siku tisa kabla ya sherehe. Unajua kuna mama wa watu ameshanunua gauni la kuja kuvunja chupa?"

"Sijui habari za gauni, bwana. Najua bomba."

"Nenda nyumbani ukapumzike, Lem. Umelimeza. Wazee humeza vitu." Akafungua droo, akatoa kadi ya daktari wa meno wa kampuni, akaisukuma juu ya meza. "Na usimguse Rondell kwa habari hizi. Kijana ana maisha mbele yake."

Lemuel aliiacha kadi pale ilipokuwa. Alitoka, akashuka ngazi za chuma, akapita karakana yote mpaka kwenye meza ya chumba safi. Foleni ilikuwa na watu sita. Akapanga foleni. Ilipofika zamu yake hakuwa na chombo chochote mkononi.

"Unaingiza nini?" aliuliza Bi Ardelia bila kuinua kichwa.

"Siingizi. Niliingiza Jumanne."

Hapo akainua kichwa.

"Niandikie," alisema Lemuel, na akatoa mkono mdomoni ili asikike. "Jino moja. Liliingia Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi. Halijatoka."

Nyuma yake mtu mmoja alicheka, wa pili akamwambia anyamaze. Bi Ardelia alilitazama lile pengo. Alikuwa ameketi pale miaka kumi na miwili, na mara moja tu kitu kilipita bila yeye kuandika. Mwezi Machi walikuja wakubwa wenye suti kuangalia kinu, akawasimamisha, Garrity akamvuta pembeni akamwambia hawa ni wageni wa heshima, hawaandikwi. Tangu siku hiyo hakumsalimia Garrity.

"Rangi?" aliuliza.

"Dhahabu."

"Ukubwa?"

"Kama punje ya mahindi."

"Unajua nikiandika hivi hesabu haikai."

"Najua."

"Isipokaa mimi nafunga mlango. Si hiari yangu wala yako. Mpaka ikae."

"Ndiyo maana nimekuja kwako, Bi Ardelia."

Akaandika. Aliandika kwa herufi kubwa zilizonyooka, akakigeuza kitabu mzee aweke sahihi, halafu akainuka, akawatoa waliokuwa ndani, akachukua mnyororo mwekundu na kuufunga mlangoni. Waliokuwa kwenye foleni walirudisha vyombo vyao. Kufikia saa sita mchana karakana yote ilikuwa imekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, na kufikia saa tisa mji mzima ulikuwa unajua ni kwa sababu ya jino la nani.

Jioni ile Rondell hakula. Alisimama jikoni na jaketi mwilini.

"Wamenihamisha," alisema. "Kukwangua rangi. Nje, kwenye jua. Unaibu amepewa mwingine."

"Samahani, mwanangu," alisema Lemuel.

"Samahani inaliwa na nini?"

"Rondell, unaongea na baba," alisema Vernell.

"Baba gani, mama? Baba anafikiria kwanza watoto. Huyu amefikiria bomba."

Shavonda ndiye aliyesema neno lililomuuma mzee. Alilisema polepole, akikunja nguo ndogo za mtoto. "Ungeweza kuvua tu, baba. Ile asubuhi ungelivua ukaliweka kwenye kopo kama yule mzee. Wangecheka dakika moja. Umeona haya ya dakika moja, sasa sote tunaona haya mji mzima."

Lemuel aliiona kuwa ni kweli tupu. Aliumia, tena alijua anastahili.

Jumapili walikwenda kanisani. Watu wale wana nyimbo nzuri, hilo siwanyimi. Wiki iliyotangulia walikuwa wameimba, machozi yakiwatoka, kwamba watasimama na kweli hata wakibaki peke yao. Jumapili hii kazi ya ziada imesimamishwa, bahasha haijulikani kama ipo, na familia ya Boykin ilikaa wanne kwenye benchi la watu kumi. Mchungaji alihubiri juu ya unyenyekevu akimtazama mzee. Mlangoni mwanamke mmoja alimuuliza Vernell kama wamejaribu kutafuta vizuri nyumbani.

"Tumetafuta," alijibu Vernell. "Nikikuambia nilitafuta wapi, hutakula leo."

Sherehe ilifanyika siku ileile iliyopangwa, usifikiri iliahirishwa. Chupa haijui kama bomba lina maji au halina. Mama mwenye gauni alivunja, bendi ikapiga, Garrity akapunga mkono kwenye jukwaa. Tumboni mwa meli mabomba yalikuwa makavu, na mafundi wawili walikuwa wanasukuma kamera ndogo ndani yake kwa waya.

Jumanne walimwita. Palepale mezani, mbele ya mnyororo mwekundu, alimkuta Garrity, mwanamume mmoja wa ofisi ya watumishi mwenye jalada, na Bi Ardelia na daftari lake. Juu ya meza palikuwa na bahasha ndogo ya plastiki iliyofungwa, na vijana walikuwa wamekwishapanga foleni wakingoja mlango ufunguliwe.

"Habari njema, Lem," alisema Garrity. Sauti yake ilikuwa imejaa asali. "Jino lako limepatikana. Kwenye kona ya bomba la pili, palepale ulipokuwa. Nakiri, ulikuwa sahihi. Tunachohitaji ni sahihi yako tu kwamba limetoka, hesabu ikae, kesho tutie maji."

"Na hilo jalada?" aliuliza Lemuel.

"Onyo dogo," alisema yule wa watumishi. "Kwa kuingiza chombo bila kuandikisha. Halitagusa pensheni. Unamalizia wiki zako tano. Na mkweo anaweza kufikiriwa upya."

Lemuel aliichukua ile bahasha akaiinua kwenye mwanga. Ndani kulikuwa na kitu cha dhahabu, kidogo, cha mviringo. Kilikuwa na mguu mfupi na alama ya nanga usoni. Ni kifungo cha mkono wa shati, cha watu wanaovaa suti. Bi Ardelia alikuwa amekiona kabla yake. Alikuwa amekaza midomo, anatazama ukurasa wa mwezi Machi ambapo wale wageni hawakuandikwa.

Wasomaji wangu, kalamu ilikuwa pale. Sahihi moja, na nyumba yake ingerudi kama ilivyokuwa: pensheni kamili, chumba cha mtoto chenye rangi, benchi la kanisa limejaa. Na jino lake lingebaki humo ndani, maji yakilitafuta. Mbele yake walisimama watu wawili waliokuwa na hakika kabisa kwamba atasaini, kwa sababu wao wangesaini.

"Limelingana na hesabu?" aliuliza.

"Kabisa," alisema Garrity. "Kitu kimoja cha dhahabu kiliingia, kitu kimoja cha dhahabu kimetoka."

"Basi ngoja nijaribu."

Akapasua bahasha kabla hawajamzuia. Akakitoa kifungo, akafungua mdomo wazi mbele ya foleni nzima ya vijana, akakipachika kwenye pengo. Akang'ata. Akageuza kichwa kushoto, akageuza kulia, kama mtu anayejaribu kiatu dukani. Halafu akakitoa, akakifuta kwenye suruali yake vizuri, akakiweka mezani mbele ya Garrity.

"Hakinikai," alisema.

Hakuna aliyecheka. Garrity aligeuka rangi ya kamba aliyechemshwa.

"Lem, fikiria sana."

"Nimefikiria, bwana. Hiki kina mwenyewe. Mtafuteni, labda anakihitaji."

Bi Ardelia alikuwa ameshaanza kuandika. Aliandika huku akitamka kila neno, sauti yake ikifika mwisho wa foleni. "Kifungo cha mkono wa shati, kimoja. Kimetoka. Hakikuandikwa kuingia. Jino, moja. Limeingia. Halijatoka." Akakaza mnyororo mlangoni ingawa ulikuwa umekazwa.

Walimfukuza mchana uleule. Sababu iliyoandikwa ilikuwa kuingiza chombo bila kukiandikisha, na haikuwa uongo. Kitambulisho chake kilikatwa vipande viwili kwa mkasi mbele yake, na kwa kukosa wiki tano za kutimiza miaka arobaini pensheni ikapunguzwa robo. Muhuri namba 417 alitakiwa aurudishe, akaurudisha ukiwa umefungwa kwenye leso. Mlinzi wa getini, aliyemwona kila siku tangu akiwa na nywele nyeusi, alimwandikia kibali cha mgeni ili aweze kutoka.

Wakaishi hivyo siku kumi na moja. Rondell alirudi kila jioni na vumbi la rangi kwenye masikio, akala bila kumwambia mzee hata "nisogezee chumvi". Lemuel alishinda barazani. Kila aliyepita na kumsalimia, alimjibu ameziba mdomo.

Siku ya kumi na mbili jioni, wakiwa mezani na jua likiwa bado kali, Bi Ardelia alikuja na sare yake ya kazi. Hakuwahi kufika kwao. Vernell alimwekea kiti na sahani ya bamia, naye akakaa lakini hakugusa chakula.

"Limetoka," alisema. "Leo, saa nane na robo mchana. Lilikuwa limeteleza mpaka likakwama mdomoni mwa pampu."

Rondell aliweka uma chini.

"Mwa pampu yenyewe?" aliuliza.

"Mwa pampu yenyewe. Fundi aliyelitoa alikaa chini akaomba maji. Garrity ameniambia niandike 'kitu kigeni'. Nikamwambia hakikuingia kitu kigeni, liliingia jino la Lemuel Boykin, na ndilo lililotoka. Nimeandika hivyo, kwa herufi zote."

"Naye Garrity wamemfanya nini?" Vernell aliuliza.

"Wamempa cheti cha uangalifu. Kimeshatundikwa ukutani, karibu na ile picha."

Vernell alimsogezea mgeni sahani ya bamia.

"Na jino liko wapi?" aliuliza Lemuel.

"Hupewi. Ni kielelezo sasa. Linakaa kabatini pamoja na makaratasi ya meli mpaka siku meli itakapokatwa chuma chakavu."

"Siku ngapi hizo?"

"Miaka hamsini."

Vernell alimtazama mumewe, akamtazama mgeni. "Miaka hamsini kwenye kabati la chuma, linalindwa na walinzi wenye bunduki," alisema. "Na mimi nikalipoteza chujio langu zuri."

Lemuel alianza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, mdomo wazi, pengo liko nje mbele ya watu wote. Rondell alivuta sahani ya mkate wa mahindi, akaisukuma upande wa pili wa meza.

"Kula, baba," alisema. "Tafuna upande wa kulia."